Usingizi Unaovurugika: Ujue Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Mtu aliyekesha siku kadhaa mfululizo hushawishika upesi. Akiambiwa kuna kidonge, mitishamba au mafuta ya kupaka yatakayomlaza, hulipa bila kuuliza. Makala haya yanakusudia kumsaidia mlaji aulize kwanza. Matatizo ya usingizi ni mengi, vyanzo vyake hutofautiana, na dawa inayomlaza mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Mifano tumeichukua Isongole, wilayani Rungwe, ambako baridi ya milimani, biashara ya viazi mviringo na barabara kuu iendayo Tukuyu hadi mpaka wa Kasumulu vina mengi ya kutufundisha kuhusu usingizi.

Usingizi wa kutosha

Mtu mzima huhitaji walau saa 7 za usingizi kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10. Hata hivyo, saa pekee hazitoshi kuwa kipimo. Anayelala saa 8 na kuamka amechoka, akasinzia mchana, akasahau hesabu za mauzo au akawa mwepesi wa hasira, usingizi wake una kasoro inayostahili kuchunguzwa.

Kukosa usingizi

Hili ndilo tatizo linalojulikana zaidi: mtu hachukuliwi na usingizi, au huamka usiku wa manane asirudi kulala. Likitokea walau mara tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu. Mkulima anayewaza bei ya viazi au deni la mbolea aweza kuanza kwa wasiwasi wa msimu mmoja, kisha kitanda chenyewe kikawa mahali pa kuwazia.

Tiba inayopendekezwa kwanza si kidonge, bali ni kubadili mazoea kwa mwongozo wa mtaalamu: kuamka saa ileile kila siku, kutumia kitanda kwa kulala wala si kwa kuhesabu madeni, na kuondoka kitandani kwa muda usingizi unapogoma. Chai nayo ina kafeini, na kwa watu wengi nusu ya kafeini hiyo huwa ingali mwilini baada ya saa 5 hivi. Pombe humlaza mtu mapema, lakini huukatakata usingizi wake kabla ya alfajiri.

Kukoroma na kukatika kwa pumzi

Si kila akoromaye ni mgonjwa. Hatari ipo pale mkoromo unapokatika ghafla, kimya kikapita sekunde 10 au zaidi, kisha mtu akashtuka akitweta. Njia ya hewa huwa imeziba, na jambo hilo laweza kujirudia mara nyingi kila saa bila mwenyewe kujua. Asubuhi huamka na kichwa kizito, na mchana husinzia hata akiwa kwenye mazungumzo. Ugonjwa huu huambatana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Mtu wa namna hii akijinunulia dawa za usingizi, hujiongezea hatari, kwa kuwa baadhi yake hulegeza misuli ya koo na kupunguza nguvu ya kupumua. Shahidi bora ni anayelala naye chumba kimoja. Aandamane naye kwa tabibu akaeleze alichosikia.

Miguu isiyotulia na jinamizi

Wapo wanaosumbuliwa na hamu isiyozuilika ya kutikisa miguu kila wanapojilaza. Hali hiyo mara nyingine husababishwa na upungufu wa madini ya chuma, na huwapata pia wajawazito. Kipimo cha damu chaweza kuonyesha chanzo. Wengine huzinduka wakiwa hawawezi kusogeza kiungo, wakihisi wamekabwa kifuani. Wengi huliita jinamizi. Kitaalamu, akili imetangulia kuamka na mwili ungali umelala; hali hupita yenyewe baada ya muda mfupi. Tunamsihi mlaji asiuze mbuzi wala shamba kugharimia kinga ya jambo hili.

Usingizi barabarani

Biashara ya viazi haifuati saa za kulala. Shehena hupakiwa jioni ili ifike sokoni mapema. Dereva aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kutenda kama mtu aliyekunywa pombe. Katika miteremko na kona za Rungwe, kusinzia kwa sekunde chache kwatosha kuleta maafa. Vinywaji vya kuongeza nguvu huahirisha uchovu tu. Msimamizi wa mzigo na abiria wana haki ya kumtaka dereva asimame alale.

Jiko la mkaa si kipasha joto cha chumba

Baridi ya Isongole hushawishi kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyeivuta huumwa kichwa, hulegea na kusinzia, akadhani amepata usingizi mzito, kumbe ni sumu, naye aweza asiamke tena. Jiko libaki nje usiku. Blanketi la ziada ni gharama ndogo kuliko uhai. Anayekutwa amelegea atolewe mara moja kwenye hewa safi na kupelekwa kituo cha afya.

Kabla ya kulipa

Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu ni za cheti cha daktari. Huleta mazoea, na kuziacha ghafla baada ya kuzitumia kwa muda mrefu ni hatari. Dawa za mafua na mzio zinazolegeza mwili si tiba ya usingizi. Kataa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Dai risiti. Dawa inayotiliwa shaka itolewe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Kwa wiki mbili, andika saa unayolala, unayoamka, ulichokunywa jioni na jinsi ulivyojisikia mchana. Peleka maandishi hayo zahanati au kituo cha afya. Ikihitajika, utapewa rufaa ya hospitali ya wilaya Tukuyu, au ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Daftari hilo litamsaidia tabibu kuuliza maswali yanayofaa, na litakuepusha kulipia dawa ya ugonjwa usio wako.