Panki, Metali na Gitaa Kavu: Albamu Mpya za Kanada

Mei 2, 2025, wapenzi wa panki nchini Kanada walipata albamu mbili kwa mpigo. Kutoka Toronto, bendi ya PUP iliachia Who Will Look After the Dogs?, ambamo mwimbaji Stefan Babcock anajicheka mwenyewe kwa mapenzi yaliyomwendea kombo. Kutoka jimbo la Manitoba, Propagandhi, ambao hawakuwa na albamu mpya tangu 2017, wakatoa At Peace. Hao walianza 1986 katika mji mdogo wa Portage la Prairie, na nyimbo zao ni za siasa waziwazi: wanapinga ubeberu na ubaguzi, wanatetea haki za wanyama.

Kati ya Toronto na Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, kuna zaidi ya kilomita 2,000 za barabara, nyingi zikipita kwenye misitu, miamba na maziwa. Kanada ni ya pili duniani kwa ukubwa, lakini watu wake ni milioni 40 na ushei tu, wengi wao wakiishi karibu na mpaka wa Marekani. Bendi changa hupakia spika na dramu garini na kusafiri mchana kutwa kufikia ukumbi unaofuata. Ndiyo maana wengi hutamani kuvuka mpaka, kwenye miji iliyokaribiana na wasikilizaji tele.

Muziki wa Marekani nao huvuka kuja upande huu, tena kwa wingi. Ili usiwameze wenyeji, tangu 1971 redio za AM zililazimishwa kupiga asilimia 30 ya muziki wa Kikanada. Leo vituo vingi vya biashara hutakiwa kufikisha asilimia 35. Wimbo hupimwa kwa mambo manne: aliyetunga muziki, msanii, mahali uliporekodiwa au kupigwa, na aliyeandika maneno. Ukipata mawili, umepita. Kipimo hicho kilimnasa hata Mkanada mashuhuri, mwimbaji Bryan Adams: nyimbo za Waking Up the Neighbours ya 1991 zilikataliwa kwa sababu alizitunga pamoja na mtayarishaji asiye Mkanada, Mutt Lange, mzaliwa wa Mufulira, Zambia ya leo. Wakanada wakaja juu, na kanuni ikalegezwa.

Metali haibebwi na redio. Hubebwa na maonyesho na mashabiki wasiobanduka. Spiritbox, waliotokea Kisiwa cha Vancouver, walitoa Tsunami Sea Machi 2025. Mwimbaji wao, Courtney LaPlante, huanza kwa sauti laini, kisha akanguruma ndani ya wimbo uleule. Mpiga gitaa Mike Stringer ni mumewe. Jimbo la Quebec nalo lina wakongwe wake wa metali. Voivod walichipuka miaka ya 1980 Jonquière, mji wa viwanda vya alumini, na albamu yao ya 2022, Synchro Anarchy, iliwapa Juno, tuzo ya muziki ya Kanada. Cryptopsy wa Montreal, walioanza 1988, walirudi Juni 2025 na An Insatiable Violence.

Upande wa nyimbo tulivu, Tamara Lindeman wa Toronto, anayejiita The Weather Station, alifungua 2025 kwa Humanhood, albamu ya mtu anayejihisi mgeni ndani ya mwili wake. Elisapie, Mwinuiti wa Salluit, kaskazini kabisa mwa Quebec, alifanya la kipekee 2023: alichukua nyimbo za Metallica, Queen na Led Zeppelin, akaziimba kwa Kiinuktitut, lugha ya kwao.

Sasa mvutano wa kulinda muziki wa Kikanada umehamia intaneti. Sheria ya 2023 iliziweka huduma za kusikilizia muziki mtandaoni chini ya mamlaka ileile inayosimamia redio, na Juni 2024 mamlaka hiyo ikaziamuru kampuni kubwa za kigeni zichangie asilimia 5 ya mapato yao ya Kanada, sehemu yake ikienda kwenye mifuko ya wasanii. Kampuni hizo zilikimbilia mahakamani.