Ngazi Si Mali ya Mpandaji

Wahenga walinena, "Mpanda ngazi hushuka." Watu wengi husema hivyo kwa kejeli, kana kwamba kushuka ni fedheha. Lakini katika nchi inayoendeshwa kwa kura, fedheha haimo katika kushuka, bali katika kudhani kuwa ngazi ni mali ya aliyeipanda.

Natutazame safari ya Mzee John Samuel Malecela, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1934. Kutoka nchi ile ya mibuyu na mvua haba alikwenda kusoma Bombay, kisha Cambridge. Mwaka 1964 alikuwa Balozi wetu katika Umoja wa Mataifa. Tangu 1972 hadi 1975 alishika Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Kilimo. Mwaka 1986 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Jumuiya ya Madola waliokwenda Afrika ya Kusini kutafuta njia ya kuukomesha ubaguzi. Novemba 1990 akawa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais.

Hapo juu ndipo ngazi ilipotikisika. Mwaka 1993 Wabunge 55 walileta hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika, kinyume cha sera ya chama chao, na Serikali ikaikubali. Mwalimu Nyerere aliipinga waziwazi, akaandika kitabu kizima kumlaumu Waziri Mkuu. Desemba 1994 Mzee Malecela aliondoka katika kiti hicho. Aliomba kugombea Urais mwaka 1995, akaomba tena 2005, na mara zote mbili chama kiliteua mwingine. Hata hivyo hakukihama; aliendelea kuwa Makamu Mwenyekiti hadi mwaka 2007.

Lakini hukumu iliyo nzito kuliko zote haikutoka kwa wakubwa. Ilitoka Mtera, jimboni kwake, mwaka 2010, wakati CCM ilipoziachia kura za maoni kwa wanachama wote badala ya wajumbe wachache. Wakulima na wafugaji wa vijiji vile walimchagua Bwana Livingstone Lusinde, aliye mdogo sana kwake kwa umri. Heshima ya Waziri Mkuu wa zamani haikupungua; ila kura ilikwenda kwingine.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, funzo hili halihusu Mawaziri peke yao. Katibu wa tawi, mwenyekiti wa kijiji, kiongozi wa wafanyakazi kiwandani: kila mmoja amekopeshwa ngazi, na mwenye ngazi ana haki ya kuidai. Kiongozi na aitumie kuwafikishia watu maji, shule na haki, si kujiangalizia mbali. Nanyi mpigao kura, msiipime kwa ukubwa wa jina wala kwa zawadi ya siku moja. Pimeni kazi. Kura ikipigwa hivyo, anayepanda atajua amepandishwa na nani, na anayeshuka atashuka kwa heshima.