Mzee mzima kwenye tope: Mbio zilizofichua kifua cha kaka

UKIMWONA mtu wa miaka 52, mwenye kitambi cha heshima, anatambaa kwa tumbo chini ya kamba, uso mweusi ti kwa tope na mkewe anamcheka kutoka ukingoni, usikimbilie kusema karogwa. Huyo ni mimi, na akili zangu zilikuwa timamu kabisa.

Chanzo ni binti yangu. Alikuwa ametoka JKT, wale wa kidato cha sita wanaokwenda kwa mujibu wa sheria, na alirudi amekakamaa kama mkonge. Siku moja akawa anawaonyesha binamu zake kwenye simu jinsi Wazungu wanavyolipa pesa ili waingie kwenye matope. Ndiyo, wanalipa! Uingereza mchezo huo wanao tangu mwaka 1987, pale askari mstaafu Billy Wilson alipoanzisha kwenye shamba lake, karibu na Wolverhampton, mbio zinazoitwa Tough Guy: tope, mahandaki, kamba, na baridi ya Januari juu yake. Mwaka 2010 Marekani ikaja na ya kwake, Tough Mudder. Hiyo haipimi saa wala haitangazi mshindi. Mnakwenda kikundi, aliyekwama anavutwa.

"Baba, mambo hayo sisi tumefanya bure, tena tukiimba," binti akasema.

Hapo akanigusa pabaya. JKT ilianza mwaka 1963, na mimi ni wa mkumbo wa mwisho mwisho kabla serikali haijasimamisha mwaka 1994. Waliporudisha mwaka 2013 vijana wakawa wanakaa miezi mitatu. Sisi tulikaa mwaka mzima, bwana! Nikamwambia wewe umeonja, sisi tulikula tukashiba. Akanitazama kitambi, akanyamaza. Kile kimya chake ndicho kilichonipeleka kwenye tope.

Tulikubaliana Krismasi ukoo ukikutana tufanye mbio zetu wenyewe za vikwazo, wazee kwa vijana. Kutafuta taabu kwa hiari si jambo geni huku kwetu. Mgodi wa dhahabu wa Geita tangu mwaka 2002 umekuwa na Kili Challenge, watu wanapanda Mlima Kilimanjaro kwa miguu na wengine kuuzunguka kwa baiskeli, kuchangisha fedha za kupambana na Ukimwi kwa kushirikiana na TACAIDS. Sisi hatukuwa na nauli ya Moshi. Tope tulikuwa nalo mlangoni.

TOPE LIPI?

Kaka yangu mkubwa, ana miaka 57, alitaka tukafanyie kwake Nyarugusu, Geita. Yeye ni mtu wa maduara tangu miaka ya tisini, alianza na nyundo na tindo, leo ana hisa yake kwenye shimo. "Tope mnalotaka liko mwaloni kwangu, bure," alisema kwenye simu, akakohoa.

Shemeji yangu, mke wa mdogo wetu, ni muuguzi, na mwanamke huyo hana utani na mambo ya afya. Akapiga marufuku hapohapo. Tope la mwaloni ndilo linalobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na dhahabu kukamatwa kwa zebaki, na zebaki ni sumu inayokwenda kwenye ubongo na figo. Achilia mbali mashimo yaliyoachwa wazi: mvua ikinyesha yanajaa maji, unadhani ni dimbwi kumbe ni kaburi la mita thelathini.

Basi ikaamuliwa nyumbani, Shinyanga Vijijini, si mbali na Tinde. Nikasema hapa mambo safi, majaruba ya mpunga yamejaa mvua za mwanzo, tunaingia tu. Shemeji tena: hapana. Majaruba na malambo yana konokono, konokono wana kichocho, na kile kidudu hakiombi ruhusa, kinapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini. Kanda yetu ya Ziwa imeumizwa sana na ugonjwa huo, ndiyo maana watoto wanapewa dawa shuleni. "Wanaolima mpunga wanaingia kwa sababu ya njaa," alisema. "Nyie mnaingia kwa sababu ya nini?"

Hatukuwa na jibu. Ikabidi tope tulitengeneze!

Usicheke. Tulichimba handaki la mita kumi na mbili kwenye itogolo, ule udongo mgumu wa kwetu usiopitisha maji. Tukaleta kwa mkokoteni udongo mweusi wa mbuga kutoka shamba la pamba. Asubuhi ya shughuli tukalijaza kwa maji ya kisima cha pampu. Wanakijiji walikusanyika kutazama watu wa mjini wanaopika tope Shinyanga, mwezi wa Desemba. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama tumefiwa.

Sasa, mbuga ninyi hamuijui kama hamjaikanyaga. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe. Ukilowana unavimba, unanata kama gundi. Viatu ni vya kusahau, vinabaki humo vyote viwili. Siri yake ni kukanyaga kwa vidole, hatua fupi za harakaharaka. Ukisimama kutafakari, umekwisha. Na ukianguka anguka mbele, maana ukianguka kwa makalio handaki linakushika kama kiti cha kinyozi.

Vikwazo vilikuwa sita, mzunguko kama mita mia saba. Unaanzia juu kwenye miamba, kwenye mchanga wa luseni, unashuka na gunia la pumba begani. Unatambaa chini ya kamba za katani. Unapenya tairi za lori, unaruka mkokoteni, unaingia handakini. Cha mwisho ndicho kilichotuvua nguo: kupita kwenye utelezi na ndoo ya maji kichwani bila kumwaga.

Vijana wa mazoezi, wale wenye vifua vya kupigia picha, walimwaga maji wote. Wote! Binti yangu wa JKT naye alifika na nusu ndoo. Shangazi yetu wa miaka 61, aliyekuwa amefunga khanga kiunoni na kuingia dakika ya mwisho kwa sababu "nimewachoka kuwaangalia", alipita kama yuko sebuleni, ndoo imejaa pomoni, na njiani akaitikia salamu ya jirani. Mwanamke wa kijijini anakimbia mbio hizo toka ana miaka saba, na hakuna aliyewahi kumvisha medali. Zawadi ilikuwa mbuzi jike. Akamchukua.

Mimi? Nilimaliza, wa kumi na moja kati ya watu kumi na tisa. Nilisaidiwa kutoka handakini na mke wangu, ambaye alinivuta kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika mbavu kwa kicheko. Siku tatu sikuweza kukaa wala kuinuka bila kuita jina la mama yangu.

KIPIMO CHA SHEMEJI

Kabla ya mbio shemeji aliwapanga wote waliopita miaka 40 kwenye mkeka, akawapima presha mmoja mmoja. Aliuliza pia nani hajachoma sindano ya pepopunda, maana tope na kidonda ni ndugu. Mjomba mmoja alisoma 190 kwa 115. Akanyang'anywa namba, akapewa filimbi awe refa, na Jumatatu yake akapelekwa kliniki. Mimi nilikuwa 138 kwa 88, nikaambiwa niende polepole.

Kaka alisoma 118 kwa 76. Presha ya kijana! Akapiga kifua chake kama Tarzan, halafu akakohoa tena. Shemeji akamwuliza kikohozi hicho cha lini.

"Vumbi tu hilo shemeji. Kila mchimbaji analo."

Alikuwa amepungua, mimi niliona. Suruali ameikaza kwa mkanda uliotobolewa matundu mapya. Lakini kaka ni mkubwa wetu, ndiye aliyetulipia ada za shule kwa dhahabu ya Nyarugusu. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa wake kwamba amekonda.

Filimbi ilipolia alitoka na gunia lake vizuri tu. Alipita kamba. Kwenye tairi alisimama. Nilidhani amesimama kunisubiri aanze utani wake. Ameshika tairi kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, mdomo wazi, na hewa haiingii. Huyu ni mtu aliyekuwa akitushinda wote kulima, kuogelea, kubeba jeneza. Hatukuwa tumefika hata kwenye tope.

Mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 24, ndiye aliyemfikia kwanza. Kaka akatema mate pembeni, akayafukia haraka kwa mguu. Haraka yake haikutosha. Kijana alikuwa ameona damu.

Ukoo wote ulikuwepo. Watoto wake, wake zetu, shangazi, majirani na mzee wa "mmefiwa". Hapo neno "vumbi tu" lilikuwa halina pa kujificha. Nyumbani angeweza kukohoa chooni, duarani angesema karasha. Shemeji alimkalisha kivulini, akamfungulia shati, akasema taratibu, "Shikamoo shemeji. Kesho tunakwenda hospitali, mimi na wewe." Salamu hiyo alikuwa ameshampa asubuhi. Kaka akaitikia marahaba kama mtoto.

Makohozi yalipimwa kwa mashine, jibu likarudi: kifua kikuu. Picha ya kifua ikaonyesha na la pili. Yale makovu meupe ni ya vumbi la mawe, vumbi laini la silika linalotoka jiwe likitobolewa kavu, ambalo kwa jicho hulioni na pua haliikamati. Linakwenda chini kabisa kwenye mapafu, linakaa, na miaka inavyopita pafu linageuka gumu. Daktari alieleza kwamba pafu la namna hiyo ndilo TB inalolipenda. Ni yaleyale ya wachimbaji wa Mirerani, ambao hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, imekuwa ikiwahudumia. TB inapona. Makovu hayaponi.

Dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, miezi sita. Miwili ya kwanza kidonge kina dawa nne ndani yake, minne inayofuata kina mbili. Sisi sote tuliokula naye Krismasi tulipimwa, na wanaoishi naye Nyarugusu vilevile. Mke wake hana. Mimi sina. Mwanawe wa pili, wa miaka 21, alikutwa nayo, hata kukohoa alikuwa hajaanza.

Ninapoandika haya kaka yuko mwezi wa nne wa dawa. Ameongezeka kilo sita, na mkanda umerudi kwenye tundu la zamani. Mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa siku za mwanzo alinipigia simu usiku wa manane kuniaga. Nikampa shemeji. Shemeji akamweleza ni dawa tu hiyo, lala.

Ugomvi uliobaki ni wa duara. Daktari amemkataza kushuka. Yeye anasema hisa yake atamwachia nani, na kwamba atakaa juu, hatashuka. Wanawe wanataka watoboe kwa kumwagia maji ili vumbi lisipande, jambo ambalo migodi mikubwa inalijua siku nyingi, lakini maji Nyarugusu yananunuliwa kwa pipa na wenye hisa wenzao wanaona ni hasara. Machi kijana mkubwa alishuka tena, amefunga kitambaa puani. Kitambaa! Mama yake alinipigia, nikampigia kijana, akaniambia, "Baba mdogo, ukinipa kazi nyingine leo, leo natoka." Nimeandika barua tatu kwa watu ninaowafahamu Kahama na Mwanza. Moja imejibiwa, ana usaili wa udereva mwezi ujao.

Binti yangu anataka mbio za Krismasi ijayo ziwe na vikwazo kumi. Shemeji ameshaongeza cha kwake mwanzoni kabisa, kabla ya gunia la pumba: kikopo cha makohozi, kwa kila aliyewahi kushuka duarani. Na yule mbuzi wa shangazi tulimtaka tumchinje Pasaka, akakataa, anasema anamsubiri kaka amalize vidonge. Wiki iliyopita amezaa mapacha.