Kikwembe kinatoka mbali, mushono ni wetu

Leo niongee juu ya libaya, ile koti fupi bamama wa kwetu Panda wanavaa na kikwembe Siku ya Mungu.

Wax inauzwa yadi 6, maana yake bikwembe 3. Kimoja fundi anashona libaya. Cha pili kinafungwa kiunoni mpaka miguuni. Cha tatu kinafungwa juu yake, ao kinabeba mutoto. Libaya inakatwa fupi kusudi kile cha juu kionekane.

Hata Uingereza walifikiri vile. Miaka ya 1811 mpaka 1820, bamama wa London walivaa nguo ndefu iliyobana chini ya matiti, na koti fupi, spencer, iliyoishia pale pale. Koti ndefu ingeficha umbo la nguo. Na kile kitambaa chepesi cha pamba, wao pia walikijua kutoka India.

Wax yetu nayo ilisafiri. Kampuni ya Vlisco ilianza mu 1846 kule Helmond, Uholanzi. Wazungu waliiga ufundi wa watu wa Java. Lakini libaya haikutoka Helmond. Mu makambi ya Union Minière, bamama walifundishwa kushona mu foyer social. Kisha, miaka ya 1970, Mobutu akakataza wanawake kuvaa suruali. Ile amri ilipita. Kikwembe kikabaki, sababu bamama wenyewe walikipenda.

Sasa angalieni kazi yenyewe. Fundi anapima kifua, kiuno na mabega. Anapanga maua ya kushoto na ya kulia yakutane kwenye mushono. Anaacha kitambaa kidogo ndani, juu ya siku mama atanenepa. Akikosa kipimo, kikwembe kimekufa. Ile ni hesabu, bandugu, ile ile tuliyofanya ku masomo.

Njo maana naumia nikisikia muzazi anasema: "Umeshindwa masomo, enda ushone." Diploma tunazo, na wengi wetu wanangoja kazi bado. Nguo zilizoshonwa tayari zinajaa ku soko, lakini hakuna hata moja iliyopima mabega ya mama yako. Binti akiomba mashini ya kushona, tusimuone kama aliyeanguka. Tumununulie, na tumulipe bei ya fundi, si bei ya ndugu.