Mshahara wa fundi wa magari huanzia wapi?

MZAZI anayempeleka mwanawe kusomea ufundi wa magari huwa na swali moja kabla ya mengine yote: akihitimu, atalipwa kiasi gani? Haiwezekani kumjibu kwa takwimu moja, kwani humu nchini mafundi hulipwa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Njia ya kwanza ni ya mshahara. Agizo la serikali kuhusu kima cha chini huwagawa mafundi kwa viwango: asiye na daraja, kisha daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambalo ndilo la juu. Kibarua wa kawaida, aliye chini ya wote hao, alitengewa Sh16,113 kwa mwezi jijini Nairobi katika agizo lililoanza kutekelezwa Novemba 2024, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Fundi humzidi, na kila daraja huongeza kitu. Hivyo basi, watu wawili wanaweza kufungua injini ile ile kwa spana zile zile, na mwisho wa mwezi wakatofautiana kwa maelfu ya shilingi.

Madaraja hayo hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) baada ya mtihani ambao sehemu yake kubwa ni ya vitendo.

Njia ya pili ni ya jua kali. Katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi, fundi hulipwa kwa kila kazi. Siku ikiwa njema, huenda akamshinda mwenzake wa ofisini. Gari lisipoletwa, hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwanagenzi wake aghalabu hupata nauli na chakula cha mchana tu. Wengi wa mafundi hawa ni stadi kweli kweli, ila kampuni ikitangaza nafasi, kinachoitishwa kwanza ni karatasi. Ndiyo maana mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa una maana kubwa kwao kuliko hotuba zote za siku ya wafanyakazi.

Kwa waliomaliza KCSE, alama ya C- hufungua mlango wa stashahada, na D ule wa cheti. Waliopata chini ya hapo huanzia kozi za msingi za ufundi, kisha hupanda. Mkopo wa HELB hupatikana pia kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi.

Kuhusu siku za usoni, ikumbukwe kwamba magari mengi yetu hutoka Japani yakiwa yametumika, na sheria hairuhusu yaliyozidi miaka minane. Teknolojia ya huko, kwa hivyo, hutufikia baada ya muda mfupi tu. Hitilafu sasa husomwa kwa kompyuta, na tangu 2022 mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria Nairobi. Mabasi hayo hayana plagi wala oili ya injini ya kubadilishwa.

Kwa maoni yangu, anayesomea umeme wa magari ana nafasi bora kuliko anayejifunza injini pekee. Na kabla ya kulipa karo, mzazi aombe kuonyeshwa karakana ya chuo. Ikiwa injini ya mafunzo bado ni ya kabureta, atafute chuo kingine.