Sauti Pacha kwa Shilingi Sifuri

Vocal Doubler ya iZotope, plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza inayofungwa ndani ya programu ya kurekodi, inapatikana bure. Doubler ya Waves hushuka hadi karibu dola 30 wakati wa punguzo, na punguzo lao ni la mara kwa mara. MicroShift ya Soundtoys bei yake kamili ni dola 129, na Revoice Pro ya Synchro Arts inafika dola 599. Tuichukue dola moja kuwa shilingi 2,500 za Tanzania, kwa urahisi wa hesabu tu. Hapo tuna sifuri, tuna 75,000, tuna 322,500, tuna karibu milioni moja na nusu. Zote nne zina ahadi moja: mwimbaji aliyerekodi peke yake chumbani atasikika kama waimbaji wawili au watatu.

Bei hizo si ndogo kwa prodyuza wa nyumbani. Shure SM58, maikrofoni iliyozoeleka kwenye majukwaa ya dunia nzima, huuzwa Marekani kwa takriban dola 100. Asiye na maikrofoni nzuri hana sababu ya kuitazama MicroShift.

Programu hizi zinafanya nini hasa? Mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za EMI pale Abbey Road, London, alibuni njia ya kupata sauti ya pili bila mwimbaji kurudi kwenye maikrofoni, maana John Lennon wa Beatles hakupenda kuimba kitu kile kile mara mbili. Sauti ilipitishwa kwenye mashine ya pili ya utepe ikachelewa kidogo, na mwendo wa mashine hiyo ukawa unabadilishwa badilishwa ili ule uchelewaji usitulie mahali pamoja. Plagini za leo bado zinafuata wazo hilo, na kazi yao inapimika kwa namba za aina tatu: milisekunde, senti na desibeli.

Nakala ya vokali ikichelewa chini ya milisekunde 10 hivi, sauti huanza kulia kama inatoka ndani ya bomba. Ikizidi 40, sikio linaanza kuisikia kama mwangwi. Kati ya hapo ndipo penye kazi. Senti ni kipimo cha pichi, na nusu toni moja ina senti 100. Nakala hupandishwa au kushushwa senti 5 hadi 12. Ukifika 20 na kuendelea, kiitikio kinaanza kusikika kama kuna mtu hajaishika noti.

Wanaoanza wengi hunakili traki ya vokali, wakaiweka juu ya mwenzake bila kubadilisha chochote. Hapo hakuna waimbaji wawili. Ni mwimbaji yule yule, desibeli 6 juu. Waimbaji wawili wa kweli wenye nguvu sawa huongeza kama desibeli 3 tu, kwa sababu mawimbi ya sauti zao hayapandi na kushuka pamoja. Tofauti hiyo ndiyo inayouzwa kwa dola 129.

Nayo unaweza kuitengeneza mwenyewe. Programu ya kurekodi ya Reaper unaijaribu kwa siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ndani yake mna ReaDelay na ReaPitch, na hizo zinatosha. Nakili vokali ya kiitikio mara mbili. Nakala ya kwanza ichelewe milisekunde 17, ishuke senti 8, iende kushoto. Ya pili ichelewe 26, ipande senti 8, iende kulia. Kata mazito yaliyo chini ya hezi 200 kwenye nakala zote mbili, kisha zishushe desibeli 10 chini ya vokali kuu, ambayo inabaki katikati. Sasa msikilize mwimbaji akitamka "sitaki": ile s inafika mara tatu ndani ya milisekunde 26, na inachoma. Ipunguze kwenye nakala, uiache iwe safi kwenye vokali kuu peke yake. Kazi hii ndogo hubadilisha kiitikio kuliko kuhama kutoka plagini ya bure kwenda ya kulipia.

Hatari kubwa iko kwenye mono. Kwenye hedifoni upana unapendeza, lakini wimbo huo huo utapigwa kwenye simu yenye spika moja, kwenye spika ndogo ya bluetooth, au kanisani ambako mfumo mzima umefungwa mono. Kushoto na kulia vinamwagwa pamoja, na nakala inaanza kupambana na vokali. Nakala iliyochelewa milisekunde 17 hugonga masafa ya karibu hezi 29, kisha 88, kisha 147, na kuendelea hivyo kila baada ya hezi 59. Ikiwa na nguvu sawa na vokali kuu, masafa hayo yanafutika. Ikiwa desibeli 6 chini, yanashuka kwa desibeli 6 na yaliyo katikati yake yanapanda kwa 3.5. Ikiwa 10 chini, kushuka ni kama 3.3 na kupanda 2.4, kiasi ambacho sikio linavumilia. Hiyo ni hesabu ya nakala moja isiyoguswa pichi wala kukatwa mazito. Senti zikiingia, mashimo hayo yanahamahama, na vokali inapata mawimbi. Ndiyo maana nakala nilizishusha desibeli 10. Anayetaka upana tu, bila sauti ya pili, Wider ya Polyverse ni ya bure na imeundwa ili ikimwagwa mono ibaki sauti ya awali.

Halafu kuna njia ambayo haihitaji plagini hata moja: kuimba tena. Tuseme kiitikio ni cha sekunde 30 na kinarudi mara tatu. Hizo ni sekunde 90. Ukiimba moja ya kushoto na moja ya kulia, ni dakika 3, na ukirudia kila moja mara tatu ili uchague iliyo bora, ni dakika 9. Diski nayo haiumii: traki ya mono ya biti 24 kwa sampuli 44,100 hula karibu megabaiti 8 kwa dakika. Hakuna plagini inayoshinda hizo dakika 9, kwa sababu pumzi ya pili haifanani na ya kwanza, na pichi, muda na nguvu vinatofautiana vyenyewe.

Kwa hiyo anayejirekodi mwenyewe asinunue. Hesabu inageuka kwa prodyuza anayerekodi watu wengine, ambaye msanii wake ameshapanda basi la kurudi mkoani na vokali iliyobaki ni moja. MicroShift ikitumika kwenye nyimbo 10, kila wimbo unabeba dola 12.90; kwenye nyimbo 100, dola 1.29. Revoice Pro kwenye nyimbo hizo 100 ni karibu dola 6 kila moja, na kazi yake kubwa ni kulinganisha sauti zilizoimbwa kweli, silabi kwa silabi. Kwa anayerekodi kwaya kila wiki, hiyo inaokoa saa nyingi za kukata na kusogeza kwa mkono.