Jani likinata, mtafute mdudu juu yake

Maswali ya wasomaji kuhusu maua ya nyumbani yamerundikana, na mengi yanafanana. Mlimau wa kwenye ndoo, asumini ya barazani au mti wa mpira wa sebuleni umeanza kunata. Sakafu chini ya chungu inanata pia, na baada ya muda majani yanafunikwa na masizi meusi.

Nimeambiwa hilo ni jasho la mmea. Wengine wanasema ni mbolea iliyozidi ikatokea juu, wengine ni kijicho cha jirani. Yote si kweli, na nimechoka kuyasikia. Kinachonata kwa kawaida ni kinyesi cha wadudu wanaofyonza utomvu: vidukari, vidung'ata, wadudu magamba au nzi weupe.

Utomvu wa sukari hupita kwenye floemu, yaani mirija ya mmea inayobeba sukari, kwa mgandamizo mkubwa, mara kadhaa ya upepo wa ndani ya tairi la gari. Mdudu hupenyeza mrija wa mdomo wake, mwembamba kuliko unywele, katikati ya seli hadi uifikie floemu. Akishafika hahitaji kuvuta kwa nguvu, maana utomvu unajisukuma wenyewe mdomoni. Mwaka 1953 watafiti Kennedy na Mittler walilionyesha hili kwa namna inayonistaajabisha hadi leo: walimkata kidukari akiwa anakula, wakauacha mrija umechomeka mmeani, na utomvu ukaendelea kuchuruzika bila mdudu.

Kwa nini basi aimwage sukari yote hiyo? Kwa sababu anachohitaji zaidi ni amino asidi za kujengea mwili, nazo ni haba mno kwenye utomvu. Inambidi anywe kingi apate kidogo. Tena sukari yenyewe inamhatarisha: ukolezi wake unazidi ule wa damu yake, kwa hiyo ingemvuta maji mwilini akakauka huku anakunywa. Vimeng'enya vya tumboni mwake huziunganisha sukari ndogo kuwa minyororo mirefu, idadi ya molekuli inapungua, na maji yanabaki mwilini. Ziada inatoka nyuma, tone baada ya tone, na kuangukia jani la chini.

Ndiyo maana jani linalonata mara nyingi halina mdudu hata mmoja. Anayelisugua hilo tu atalisugua tena wiki ijayo. Kagua majani yaliyo juu yake, upande wa chini, kwenye mshipa wa kati na penye maungio ya vikonyo na shina. Vidung'ata wamejifunika nta nyeupe. Wadudu magamba ni vinundu vya kahawia visivyosogea, ila vinabanduka kwa ukucha. Vidukari hujazana kwenye machipukizi, na nzi weupe huruka ukitikisa tawi. Okidi na hoya huweza kutoa matone ya sukari zenyewe. Ukikagua kote usione kitu, futa tu.

Msururu wa sisimizi chunguni ni ushahidi mwingine. Wanaifuata sukari, na kwa ajili yake huwafukuza maadui wa wadudu hao. Maadui hao ni wa maana sana. Vidung'ata wa muhogo walioingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuenea Afrika walidhibitiwa na nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay mwaka 1981, kazi iliyompatia Hans Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Sebuleni nyigu wa namna hiyo hawaingii, kwa hiyo kazi ni yako.

Utenge mmea. Futa majani pande zote kwa kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ukijaribu jani moja kwanza, na usifanye hivyo juani. Magamba na vidung'ata waguse kwa pamba yenye spiriti. Mafuta ya mwarobaini yanasaidia. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima, maana mayai yanaendelea kuanguliwa. Urea iache kwanza: naitrojeni ikizidi, wadudu wanazaana zaidi.

Masizi yale ni ukungu unaokula sukari. Hauingii ndani ya jani, unazuia mwanga tu, hivyo anayekuuzia dawa ya ukungu anakula pesa yako bure.

Wabaya zaidi ni wale wanaopimia sumu ya shambani kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo, na kumwambia mama mwenye watoto anyunyizie sebuleni. Baadhi ya sumu hizo huvuruga mishipa ya fahamu ya binadamu kama ya mdudu. Usizinunue. Na kama mtu nyumbani ameshagusa sumu hiyo au kuivuta, kisha akatokwa mate na jasho jingi, akatapika, mboni zikasinyaa au akapumua kwa shida, mkimbize hospitali mara moja, na chupa ya sumu uende nayo.